Shajara ya mradi: kuunganisha vipimo vya asali inayouzwa Dar es Salaam

Machi. Swali na mipaka

Asali inayofika Dar es Salaam hutoka mbali: Tabora na Sikonge, Katavi, Kigoma, Singida hadi Itigi. Husafiri katika madumu ya lita 20, humwagwa kwenye ndoo, hujazwa chupani, hubandikwa nembo. Kila mkono inapopita panaweza kuongezwa kitu: maji, shira ya sukari, shira iliyochemshwa na limau, au sukari iliyounguzwa ili kutia weusi. Tunachotaka kujua ni kama chupa iliyo mezani ni asali kweli na kama imetunzwa ipasavyo.

Mtaani watu hutumia njiti ya kiberiti, tone kwenye karatasi, au sisimizi. Njiti na karatasi hupima maji tu. Shira iliyochemshwa mpaka ikafika asilimia 80 ya sukari itafaulu majaribio yote mawili, na asali halali ya nyuki wadogo wasiouma, yenye maji mengi kwa asili, itashindwa. Sisimizi nao hula asali halisi bila wasiwasi. Majaribio haya yanaumiza wauzaji waaminifu, ndiyo maana tunayakataa waziwazi kila tunapoulizwa.

Mipaka tunayoanzia ni ya Codex, kiwango cha kimataifa cha chakula, kwa upande wa asali: maji yasizidi asilimia 20, fruktosi na glukosi kwa pamoja zisipungue gramu 60 kwa kila gramu 100, sukrosi isizidi gramu 5, upitishaji umeme usizidi 0.8 mS/cm kwa asali nyingi za maua, na nguvu ya kimeng'enya cha diastasi isiwe chini ya 8 kwa kipimo cha Schade. HMF, kiwanja kinachozaliwa sukari ikipata joto katika hali ya asidi, isizidi mg 40 kwa kilo, ila kwa asali ya nchi za joto mpaka ni mg 80. Usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu mabadiliko ya 2019, kwa hiyo ripoti zetu tunaziandika kwa vipimo na mipaka ambayo mkaguzi ameizoea.

Shida ya mipaka hii ni kwamba kila mmoja unasimama peke yake. Anayejua kuchakachua atachanganya kwa kiasi ambacho kila namba inabaki ndani ya mpaka wake. Asilimia 15 ya shira iliyogeuzwa vizuri, yaani sukrosi yake imevunjwa kuwa glukosi na fruktosi, inaweza kupita mstari mzima wa vipimo bila kugusa mpaka hata mmoja. Kisichopita kirahisi ni uhusiano kati ya namba. Asali nyeusi ya miombo huwa na madini mengi, na madini hupandisha upitishaji umeme. Ukikuta asali nyeusi yenye upitishaji mdogo, rangi ni halali na upitishaji ni halali, lakini viwili hivyo havikai pamoja. Huko ndiko tunakotafuta, na ndiyo sababu ya kuunganisha data.

Machi, mwisho wa mwezi. Sampuli

Dumu lililokaa lina matabaka. Fuwele hukaa chini, na juu huwa na majimaji zaidi. Ukichota juu tu utaandika maji mengi kuliko yaliyomo. Utaratibu wetu: dumu zima lipashwe kwenye maji ya 40 °C hadi fuwele ziyeyuke, likorogwe polepole bila kuingiza hewa, kisha sampuli itolewe kwa mrija wa kioo juu, katikati na chini, jumla gramu 250. Tunaigawa mara tatu: ya vipimo, ya akiba kwenye friza kwa −18 °C, na ya kutuma kwa kipimo cha isotopu, yaani aina za kaboni zenye uzito tofauti.

Kabla ya chochote, pima uzito. Asali ina uzito wa takribani kilo 1.42 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 20 lililojaa hubeba karibu kilo 28, na chupa ya mililita 500 hubeba karibu gramu 710. Chupa iliyojaa ikiwa na gramu 660 ina maji mengi au ina povu, na hilo unalijua kwa mizani ya dukani.

Chupa ikifunguliwa, ifungwe mara moja. Asali yenye maji ya asilimia 18 hivi hutulia na hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 60, na hewa ya Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, hukaa juu ya hapo. Sampuli iliyoachwa wazi mezani inanyonya maji, na kesho yake ngozi ya juu si asali ileile.

Aprili. Fungu la kemia

Fungu ni kundi moja la data, na hili ni la vipimo vya kemia. Tulianza na maji, kwa sababu kipimo hiki hulisha vingine. Refraktomita, kifaa kinachopima maji kwa jinsi asali inavyopinda mwanga, husomwa kwa 20 °C, lakini chumba chetu hukaa 28 au 29. Kwa kila digrii juu ya 20, ongeza 0.00023 kwenye kipeo cha mpindo, yaani namba ya upindaji huo. Mfano: kifaa kinaonyesha 1.4855 kwa 29 °C. Usiposahihisha, jedwali linakupa maji ya asilimia 20.4 na asali inakataliwa. Ukisahihisha, 1.4855 inakuwa 1.4876, maji ni asilimia 19.6 na asali imefaulu. Mrina asali wa Sikonge anaweza kurudishiwa dumu lake kwa sababu ya joto la chumba cha mjini, na kosa hilo halihitaji mashine ghali kulizuia.

Upitishaji umeme unahitaji gramu 20 za yabisi katika mililita 100 za maji safi. Kwa asali yenye maji asilimia 18, gramu 20 za yabisi ni gramu 24.39 za asali, kwa hiyo kosa la refraktomita linahamia hapa moja kwa moja. Kisha joto tena: juu ya 20 °C, punguza asilimia 3.2 ya usomaji kwa kila digrii. Usomaji wa 0.50 mS/cm kwa 28 °C ni 0.37 kwa kweli. Mita nyingi hujisahihisha zenyewe kwenda 25 °C kwa kasi iliyopangwa kwa maji ya kawaida. Zima kipengele hicho, la sivyo unasahihisha mara mbili kwa kanuni mbili tofauti.

Rangi tunaipima kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa: gramu 10 za asali kwa mililita 20 za maji, ichujwe ili nta na chavua zisizuie mwanga, isomwe kwa nanomita 635. Kipimo cha Pfund, ngazi ya rangi ya asali kwa milimita, ni usomaji mara 371.39, toa 38.70. Asali isiyochujwa husomeka nyeusi kuliko ilivyo, na kwa kuwa uhusiano wa rangi na upitishaji ndio nguzo ya kazi yetu, uchafu wa chavua unaweza kumtia mtu hatiani bure.

HMF tunaipima kwa njia ya White. Gramu 5 za asali ziyeyushwe kwa mililita 25 za maji, iongezwe nusu mililita ya Carrez I, ikorogwe, nusu mililita ya Carrez II (vimiminika viwili vya kung'arisha mchanganyiko), ijazwe hadi 50, ichujwe na mililita 10 za kwanza zimwagwe. Mililita 5 ziingie kwenye mrija wenye mililita 5 za maji, na 5 nyingine kwenye mrija wenye bisalfaiti ya sodiamu ya asilimia 0.2, ambao ndio rejea. Soma kwa nanomita 284 na 336, toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 149.7, zidisha kwa 5, gawa kwa uzito. Tofauti ya 0.30 kwa gramu 5 kamili inatoa takribani mg 45 kwa kilo. Bisalfaiti itengenezwe siku hiyohiyo. Ya jana imeshaanza kuoksidika, haiui HMF yote katika mrija wa rejea, na matokeo yanashuka bila wewe kujua. Povu likitokea wakati wa kujaza, tone moja la ethanoli linatosha.

HMF kubwa pekee si ushahidi wa uchakachuaji. Kwa 30 °C asali halisi hufika mg 40 katika miezi 5 hadi 10 hivi, kwa 50 °C katika siku 5 hadi 10, na kwa 70 °C ni suala la saa. Duka lenye bati lisilo na dari linatosha. Lakini shira iliyogeuzwa kwa kuchemsha na limau nayo huingia na HMF nyingi. Diastasi husaidia kutenganisha kwa kiasi fulani: joto huishusha pia, ila shira huishusha pamoja na upitishaji umeme, wakati joto halipunguzi madini hata kidogo.

Mei. Fungu la infraredi

Spektromita ya infraredi, inayopima jinsi asali inavyonyonya mwanga usioonekana, ina fuwele ya almasi na inahitaji tone moja tu la asali. Tunasoma kwa utengano wa 4 cm⁻¹, skani 32, mara tatu kwa kila sampuli, na tunabakiza eneo la 1500 hadi 750 cm⁻¹ ambako sukari hujieleza. Sukrosi huonyesha kichwa karibu na 995. Maji yana mkanda wake karibu na 1640, nje ya eneo hilo, na mvuke wa hewani huchafua papo hapo, kwa hiyo hatuutumii. Maji tunayo tayari kutoka refraktomita.

Mambo matatu huharibu spektra hapa mjini. Unyevu ni la kwanza: silika jeli ndani ya kifaa ikibadilika rangi ibadilishwe siku hiyo, kwa sababu vioo vya chumvi ya potasiamu bromidi huingia ukungu na havirudi. La pili ni umeme. Ukikatika, kifaa kinahitaji kupasha angalau nusu saa kabla ya kuaminika, na betri ya akiba inaokoa asubuhi nzima. La tatu ni fuwele za asali. Sampuli yenye punje hutoa spektra tatu zisizofanana, kwa kuwa mara moja almasi imegusa punje ya glukosi na mara nyingine imegusa majimaji. Ipashe kwa 40 °C kwenye kichupa kilichofungwa hadi iwe angavu, iache ipoe, ndipo usome.

Safisha almasi kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa karatasi isiyoacha nyuzi, kisha soma hewa tupu. Ukiona vilima vya sukari kwenye hewa tupu, bado kuna asali ya aliyetangulia.

Kila siku ya kazi huanza na asali ya udhibiti, chupa moja kubwa iliyogawanywa katika vichupa vidogo na kugandishwa. Thamani zake zinachorwa kwenye chati. Zikivuka mipaka ya mikengeuko sanifu mitatu, hakuna sampuli inayosomwa siku hiyo.

Juni. Sampuli za kuchakachua kwa makusudi

Modeli ni hesabu ya kompyuta inayojifunza kutambua asali halisi. Bila mifano ya uongo unaoujua, haina cha kupimiwa. Tunachukua asali tuliyofuatilia tangu mzingani, tunaongeza shira kwa uzito: asilimia 5, 10, 20 na 30. Shira iwe na maji sawa na ya asali yenyewe. Ukiongeza shira nyepesi, modeli itajifunza kutambua maji na utadhani imetambua sukari. Tunatumia aina tatu: shira ya sukari ya kawaida, shira iliyogeuzwa kwa limau, na shira yenye sukari iliyounguzwa. Msimu wa kurina baada ya mvua umeanza katika miombo, kwa hiyo asali mpya ya msingi inapatikana na haina haja ya kutegemea akiba ya mwaka uliopita.

Usomaji wa halisi na wa kuchakachua huchanganywa siku moja kwa mpangilio wa bahati nasibu. Ukisoma halisi zote wakati wa masika na bandia zote wakati wa kipupwe, utapata modeli inayotofautisha misimu ya Dar es Salaam kwa usahihi wa kupendeza, na haina habari na asali.

Julai. Kuunganisha

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo miradi mingi ya namna hii hupotea.

Jambo la kwanza ni jedwali. Mstari mmoja ni chupa moja, namba ya utambulisho ni ileile katika mafungu yote, na vipimo viko katika safu zenye kizio kilichoandikwa. Kompyuta moja ikiandika 0,42 na nyingine 0.42, programu inaweza kuisoma ya kwanza kama neno na kuitupa kimya. Tunalazimisha nukta, na hati ya kusoma data inasimama ikikuta kitu kingine.

Jambo la pili ni uzito wa mafungu. Fungu la infraredi lina nukta zipatazo 390, la kemia lina safu 6. Ukiyaweka ubavu kwa ubavu baada ya kusawazisha kila safu, infraredi inamiliki zaidi ya asilimia 98 ya mtawanyiko wote, na kemia haisikiki. Dawa ni kugawa kila fungu kwa kipeuo cha pili cha idadi ya safu zake: karibu 19.7 kwa infraredi, 2.45 kwa kemia. Hapo kila fungu linaingia na sauti sawa, na ukitaka kulipa moja sauti zaidi unafanya hivyo kwa uamuzi ulioandikwa.

Ngazi za kuunganisha ni tatu. Ya chini ni kuunganisha namba ghafi zilizosawazishwa hivyo. Ya kati ni kupunguza kila fungu kwanza, kwa mfano infraredi kwa uchanganuzi wa vijenzi vikuu, unaofupisha safu nyingi hadi vijenzi vichache vinavyobeba tofauti kubwa, ndipo kuunganisha. Ya juu ni kila fungu kutoa hukumu yake na hukumu kuunganishwa. Tumechagua ya kati kwa modeli kuu. Ngazi ya chini hubeba kelele zote za spektra, na ya juu hupoteza kile tunachokitafuta, yaani uhusiano kati ya kipimo na kipimo. Vijenzi vinakokotolewa ndani ya sampuli za kufundishia tu. Ukivikokotoa kwa sampuli zote kabla ya kugawa, za majaribio zimeshachungulia majibu.

Ugawaji nao una mtego. Spektra tatu za chupa moja zikae upande mmoja. Vilevile mchanganyiko wote uliotokana na asali moja ya msingi, kuanzia asilimia 5 hadi 30, ukae pamoja na mama yake. Ukiutawanya, modeli inamtambua mama na kukupa alama za juu ambazo zitaporomoka ukifika sokoni Kariakoo na chupa usiyoijua.

Modeli yenyewe ni ya kundi moja, SIMCA: inajifunza asali halisi ilivyo, na chochote kilicho mbali nayo kinatiliwa shaka. Modeli ya makundi mawili inajua uongo uliofundishwa tu. Mchakachuaji akibadilisha kiungo, inamweka upande wowote bila kusita.

Agosti. Isotopu, na mafungu yenye mapengo

Sukari ya dukani nchini hutokana na miwa, iwe ya Kilombero, Mtibwa, Kagera au Moshi. Muwa, kama mahindi, ni mmea wa C4 (kundi la mimea lenye njia yake ya usanisinuru), na kaboni yake ni nzito kuliko ya maua mengi ambayo nyuki huyatembelea. Njia ya AOAC 998.12, moja ya njia rasmi za maabara za kimataifa, hulinganisha kaboni ya asali nzima na ya protini iliyomo. Protini hutoka kwa nyuki na chavua, kwa hiyo shira haiibadilishi. Protini ikiwa −25.5 kwa elfu na asali −23.9, tofauti −1.6 igawanywe kwa tofauti ya −25.5 na −9.7 (thamani ya sukari ya C4), yaani −15.8, mara 100: sukari ya C4 ni asilimia 10. Mpaka ni 7. Asali hiyo imeongezwa sukari.

Kipimo hiki kina upofu wake. Shira ya mchele, ya kiazisukari au ya wanga wa muhogo haionekani, kwa sababu mimea hiyo ina kaboni kama ya maua. Ni ghali pia, na sampuli zetu zinatumwa nje ya maabara, kwa hiyo si kila chupa ina namba ya isotopu. Kujaza mapengo kwa wastani ni kosa baya hapa: wastani unaifanya chupa isiyopimwa ionekane ya kawaida. Tumeiondoa isotopu ndani ya modeli kuu na kuiweka kuwa hatua ya pili, kwa chupa ambazo modeli imezitilia shaka na kwa chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya zilizofaulu. Bila hizo chache za mwisho hutajua kamwe unapitisha nini.

Agosti, nyongeza. Nyuki wadogo

Asali ya nyuki wasiouma ina maji mengi, mara nyingi zaidi ya asilimia 25, na uchachu mkubwa. Mipaka ya Codex ilipangwa kwa asali ya nyuki wa masega ya kawaida. Ikiingizwa katika modeli hii itakataliwa kila mara, na anayeumia ni mfugaji anayeuza kitu adimu na halali. Imewekewa kundi lake, na modeli yake haitatolewa hadi sampuli za asili inayojulikana zitoshe. Kwa sasa chupa yenye nembo hiyo inapewa namba za vipimo bila hukumu.

Septemba. Kanuni ya uamuzi

Kila kipimo kikiwekewa nafasi ya asilimia 5 ya kukataa asali halisi, na kanuni ikawa "ikishindwa kimoja imeshindwa", vipimo vinne visivyotegemeana vitakataa asilimia 18.5 ya asali halisi. Karibu dumu moja katika kila matano ya watu waaminifu. Kanuni ikiwa "angalau viwili", hushuka hadi asilimia 1.4, lakini shira kidogo inapenya zaidi. Na vipimo vyetu hutegemeana: HMF na diastasi huenda pamoja kwa sababu ya joto, kwa hiyo kuvihesabu kuwa mashahidi wawili ni kumhesabu shahidi mmoja mara mbili.

Tumekubaliana hivi. Modeli iliyounganishwa inatoa umbali mmoja kutoka asali halisi, na ripoti inaonyesha mchango wa kila kipimo kwenye umbali huo. Majibu ni matatu: inalingana na asali halisi, hailingani, au ipelekwe isotopu. Umbali ukitokana na HMF na diastasi tu, ripoti inaandika "imepata joto au imekaa muda mrefu", na neno uchakachuaji halitumiki. Ukitokana na upitishaji, rangi na eneo la sukrosi kwa pamoja, chupa inaenda isotopu bila mjadala. Asiyekubaliana na matokeo ana haki ya kupimiwa upya kutoka kwenye akiba ya friza, na ndiyo maana akiba haiguswi kabla ripoti haijafungwa.

Oktoba tunaanza kuongeza asali ya pwani, hasa ya mikoko ya Rufiji. Sampuli za halisi tulizonazo ni za miombo na vichaka vya Itigi tu. Hadi hapo, asali yoyote ya pwani itakayotiliwa shaka na modeli inaandikwa "nje ya wigo wa rejea", na namba zake zinatolewa kama zilivyo.